Nani Anayafungua Madirisha Yangu

Jumatatu, 1 Juni

Saa mbili niko biro, ofisini kwetu. Thermosi mezani, kiti, mashine. Nimeinua kifuniko, madirisha kumi na moja yamenikodolea macho.

Ijumaa niliyafunga yote. Wallahi niliyafunga. Nakumbuka kidole juu ya kile kiduara chekundu, moja, la pili, la tatu, mpaka kioo kikabaki kitupu. Nikazima mashine. Leo yamerudi, yamelaliana kama mitumba siku ya soko.

Ni madirisha ya ile programu ninayoandikia kodi. Kodi ya kompyuta, yale maagizo inayoyafuata, si ya serikali. Kazi yenyewe ni zamu za maji za ushirika wa Gikundamvura. Kila shamba la bondeni lina siku yake, na mfungua mfereji anapata ujumbe kwenye simu: leo fungua kwa fulani. Ujumbe wa kwanza unatoka Alhamisi ya wiki ijayo, alfajiri. Kiangazi kimeanza. Maji yakienda pasipo pake, watu watashikana mashati.

Na mimi nipo hapa nahesabu madirisha.

Mashine yangu ya Windows ilikufa mwezi uliopita. Miaka sita tulizoeana. Ushirika ukaninunulia hii Mac. Papa Olivier ndiye aliyeitayarisha, akaweka kila kitu. Neno la siri analijua. Kazi zangu za zamani nilizihamisha mwenyewe kwa flash, sikutaka mtu azishike.

Huyu Papa Olivier ndiye mwenzangu. Biro ina meza mbili tu, yangu na yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu, akavuka mpaka na familia yake, na aliyemtafutia kazi hii ni mimi. Hilo la neno la siri leo nimelifikiria mara mbili.

Jumanne, 2 Juni

Kumi na tisa.

Jana jioni nilifunga matatu, ndiyo yaliyokuwa yanaonekana. Kumi na tisa yametoka wapi?

Mashine nayo inanidharau. Vidole vinakimbilia Control, kumbe hapa ni Command. Nabonyeza kuhifadhi, kimya. Nagusa kile kiduara cha kijani dirisha lipanuke, linameza kioo kizima. Nikipitisha vidole vibaya, halipo tena. Limekwenda wapi? Sijui. Nalifungua upya. Wiki nzima nafungua upya. Miaka yote hii ya kazi, sasa niko darasa la kwanza.

Lakini darasa la kwanza au la mwisho, sifungui madirisha kumi na tisa nikiwa usingizini kwetu.

Jumatano, 3 Juni

Dirisha moja limepakwa kijani. Mstari mnene juu kabisa, kijani cha jani la mgomba. Mengine yote ni kijivu. Sikuupaka mimi. Hata kuupaka sijui.

Sikumuuliza. Nilimtazama tu. Anakula mihogo yake na maharage, anafuta vidole kimoja kimoja kwa leso, ndipo anagusa vitufe vya klavye. Mtu msafi hivyo ananitia wasiwasi.

Mchana akaniuliza, pole pole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Dada Zaina, uko unaandika mu Zamu gani?"

Zamu ndilo jina la folda yetu ya kazi. "Kwani ziko ngapi?" nikamjibu. Kwa ukali, nakubali. Hata fundi wa duka la chini yetu alisikia.

Akatazama mikono yake. "Bon. Sawa, Dada."

Swali gani lile? Anataka kujua nimefika wapi. Anapima.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepata kitu.

Mimi naondoka saa kumi na nusu kila siku, naenda kumsaidia Mzee, baba yangu, kufunga duka lake la ushonaji. Papa Olivier anabaki hadi saa kumi na moja na nusu, ufunguo anao. Leo asubuhi, katikati ya yale madirisha, nimeangukia lile la kijani. Nikatazama faili la zamu za maji limeandikwa lini mara ya mwisho. Jana, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Saa hiyo nilikuwa na sindano mkononi, nashona vifungo.

Nikasoma faili lote. Hakuna kilichobadilika, yaliyomo ni yale yale niliyoandika mimi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwizi anayevunja mlango utamjua. Anayeingia akarudisha kila kitu mahali pake, huyo utamshika wapi?

Nikamwambia Papa Olivier kwa mbali: mashine hii inafungua madirisha yenyewe. Akatabasamu. "Mac iko na tabia yake, Dada. Ukipenda nitakuonyesha." Sitaki kuonyeshwa. Anayekuonyesha njia ndiye anayejua vichochoro.

Halafu ile simu. Kila siku karibu na saa sita anatoka kwenye ngazi, anaongea Mashi, lugha ya kwao, sauti chini. Na wiki iliyopita nilimwona na jamaa wa Ruhwa, wale wafanyabiashara wa mpakani wanaotafuta programu ya kupanga foleni ya mizigo. Zamu za maji na zamu za mizigo zina tofauti gani? Unabadilisha majina tu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemleta mwenyewe.

Jumamosi, 6 Juni

Nimemweleza Mzee, bila kutaja jina. Hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema yeye akitaka kujua nani amegusa kitambaa cha mteja, analaza uzi mmoja juu yake, rangi ile ile. "Asiyejua hauoni. Anayejua haugusi." Kisha akaniuliza kama huyo mtu ameshaniibia.

Nikasema bado.

"Basi kwanza muulize."

Baba yangu ana moyo laini. Nimechukua uzi, rangi ya fedha kama ya Mac.

Jumatatu, 8 Juni

Madirisha ishirini na mawili. Nimefanya kazi vizuri, nimepanga upya zamu za mashamba manne ya juu. Saa kumi na nusu nikafunga kifuniko, nikalaza uzi pale kinapokutana na mwili wa mashine. Nikamuaga Papa Olivier kwa sauti tamu kabisa.

"Siku njema, Dada. Salimia Mzee."

Nikashuka ngazi, nikaenda dukani kwa Mzee.

Jumanne, 9 Juni

Uzi uko sakafuni.

Nilikaa nikiutazama. Nilidhani nitafurahi kwamba nilikuwa sahihi. Sikufurahi, nilisikia hasira imenipanda mpaka masikioni.

Nikampigia Maman Consolata, mwenyekiti wa ushirika. Alikuwa mjini Kamembe kwa mkutano, akaja saa tano na wajumbe wawili wa kamati. Mama mkubwa, haendi haraka, hata ngazi zetu alizipanda kama anazipima. Nikasema yote: madirisha, kijani, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, uzi, jamaa wa Ruhwa. Papa Olivier amesimama pale pale, mikono nyuma, kama mwanafunzi badala ya mwalimu.

"Zaina, uko na hakika?"

"Mia kwa mia."

Akamgeukia. "Papa Olivier, unafunguaka mashine yake?"

"Ndiyo, Maman."

"Kwa nini?"

Akanitazama. Nilisubiri uongo wake, nilikuwa nimeshauandalia jibu. Akasema tu, "Kama Dada hana amani na mimi, basi nitoke." Akaweka ufunguo mezani. Akakunja leso, akachukua mfuko wa chakula.

Mlangoni akageuka. "Dada, ile ya kijani. Angalia ile ya kijani."

Ananitishia? Mbele ya kamati?

Baada ya wao kuondoka nilikunywa chai yote ya thermosi. Nimebadilisha neno la siri.

Jumatano, 10 Juni

Kimya. Biro yangu peke yangu. Madirisha ishirini na manne asubuhi, lakini leo sikujali. Nilijiambia ni mabaki yake.

Maman Vestine amepiga simu kutoka Gikundamvura. Mjane, shamba lake liko karibu kabisa na mfereji. Amesia mbegu za nyanya juzi, mbegu alizonunua kwa mkopo wa kikundi, udongo bado laini. Orodha ilimpa maji kesho. Maji yakiingia kesho yatabeba kila kitu. Aliniomba nimtoe kwenye zamu ya wiki hii.

"Tulia, Maman. Nimekutoa." Nikaandika akiwa bado kwenye simu, nikahifadhi, Command, siyo Control, nikahakikisha mara mbili.

"Mungu akubariki, mutoto wangu."

Niliondoka saa kumi na nusu kama kawaida. Usiku huu nitalala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 11 Juni

Ujumbe ulitoka saa kumi na moja alfajiri. Mfungua mfereji akaamka, akasoma, akatii. Fungua kwa Maman Vestine.

Maji yaliingia kwa saa mbili nzima kabla Maman Vestine hajafika shambani. Hakuna mbegu hata moja iliyobaki. Maman Consolata amenitumia picha: tope linang'aa, na Maman Vestine ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji.

Nimepiga kelele peke yangu biro. Olivier! Papa Olivier! Amefanya alichosema. Kijani. Ameacha kitu ndani ya mashine.

Nimemwambia Maman Consolata kesho nitampa ushahidi, apeleke kunakohusika.

Ijumaa, 12 Juni

Ushahidi nimeupata. Nauandika wote, hata kama hakuna atakayesoma.

Nilitaka kwanza kuona madirisha yote kwa pamoja. Nikapandisha vidole vitatu kwenye kibao cha kugusa, kitu ambacho Papa Olivier angenionyesha siku ile kama ningekubali. Mashine ikayatandaza. Ishirini na saba. Hayakuwa yamefunguliwa na mtu mwingine. Kila nilipogusa kile kiduara cha kijani, dirisha lilihamia meza nyingine nyuma ya hii, meza nisiyoiona. Nikidhani limepotea, nafungua jingine. Jioni nafunga yale yaliyo mbele ya macho. Asubuhi mashine inayarudisha yale yaliyobaki nyuma, kwa uaminifu kabisa, inadhani ndivyo ninavyotaka.

Basi, hilo la kwanza. Ni mimi.

La pili. Nikaweka madirisha mawili bega kwa bega, la kijivu na la kijani. Jina moja, Zamu. Mafaili yale yale. Kwenye la kijivu, Maman Vestine hana zamu. Kwenye la kijani, Alhamisi, Maman Vestine.

La kijivu ni nakala niliyoileta mwenyewe kwa flash kutoka mashine ya zamani. La kijani ndilo linalotuma ujumbe, Papa Olivier alilipaka rangi nilitambue. Ziko mbili. Ndivyo alivyoniuliza: uko unaandika mu Zamu gani? Na mimi nikamuuliza ziko ngapi, na sikusubiri ajibu.

Tangu Mac ilipoingia, kila siku, nimekuwa nikiandika kwenye daftari bovu.

La tatu nimelisoma nimesimama. Folda ya kijani ina kumbukumbu ya mabadiliko, kila anayebadilisha anaacha maneno machache na tarehe. Kila jioni, baada ya saa kumi na moja:

Kazi ya Dada Z., imehamishwa hapa. Sawa.

Kazi ya Dada Z., imehamishwa hapa. Vizuri sana, hesabu ya mashamba ya chini imenyooka.

Kazi ya Dada Z., imehamishwa. Kosa dogo mstari wa 40, nimerekebisha, si kitu.

Ya mwisho ni ya Jumatatu, siku ya uzi.

Alikuwa anasahihisha madaftari wanafunzi wakishakwenda nyumbani. Mwalimu. Angesemaje? Mimi ndiye niliyemletea kazi, mbele ya ushirika mimi ndiye mkubwa, na alipojaribu nilimfokea mpaka fundi wa chini akasikia. Na siku ile mbele ya kamati, neno moja tu lingemwokoa: Dada Zaina anahifadhi pasipo pake. Akalimeza, akanisitiri.

Nina aibu. Nina hasira naye pia, kweli. Angesema tu! Lakini hasira hiyo ni ndogo sana pembeni ya aibu.

Jumamosi, 13 Juni

Gikundamvura. Pikipiki, vumbi, mgongo umekufa.

Kamati iliketi kwenye ghala. Nilisema nimesimama. Kosa ni langu, Papa Olivier hakuiba wala hakuharibu, alikuwa anaokoa kazi yangu, na tulipomfukuza ndipo kazi ikaanguka. Nilirudia neno "mia kwa mia" nililotumia, ili walisikie kutoka kinywani mwangu wakati huu. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Ulimi wangu uliojikwaa umemfikia mjane asiyehusika.

Maman Consolata alitikisa kichwa, hakunitukana. Bora angenitukana. Mbegu nitanunua mimi.

Maman Vestine alinisikiliza, akavuta kitenge chake mabegani. "Mbegu tutapata zingine," akasema. "Na ule papa muliyefukuza?"

Jumatatu, 15 Juni

Simu zangu Papa Olivier hajazipokea. Nikaenda kwao, Gihundwe, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani.

Mkewe alikuwa uani anaanika sambaza, dagaa wa ziwani. Alipojua mimi ni nani aliacha samaki, akafuta mikono, akanikumbatia. "Dada Zaina! Karibu! Papa Olivier anakusemaka kila siku, ule dada ana akili, ana akili!" Akaleta kiti. Akaita watoto waje kusalimia, watatu, yule Olivier mwenyewe, ambaye baba anaitwa kwa jina lake, mrefu kama mlango.

Kisha akashangaa. "Lakini umekuja huku, na yeye umemuacha na nani ku kazi?"

Sikuelewa mara moja.

"Ametoka saa moja kama siku zote. Nilimufungia mihogo."

Hakumwambia. Tangu Jumanne. Kila asubuhi anavaa shati, anachukua mfuko wa chakula, anatoka. Anakaa wapi siku nzima, sijui. Na jioni anarudi, anasema Dada ana akili.

Nikasema nimepita tu kuwasalimia, sijawahi kufika kwao, niko njiani narudi biro. Akanifungia sambaza kwenye gazeti. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Nimemtumia ujumbe mmoja: Papa Olivier, nimesoma ile ya kijani yote. Kamati inajua ukweli. Nyumbani sikusema kitu. Kesho saa mbili, tafadhali.

Jumanne, 16 Juni

Alikuja saa mbili kasoro. Shati safi. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia karibu.

Niliomba msamaha. Sikupamba. Alisikiliza, akasema naye amekosa, alipaswa kuniambia siku ya kwanza na si kunizunguka. "Muntu mzima anaambiwaka, Dada. Nilikuchukua kama mwanafunzi." Nikamwekea ufunguo mezani kwake. Hakuuchukua, lakini aliketi.

Akanifundisha. Kutoka ndani ya programu kabisa ni Command na Q, kiduara chekundu kinafunga mlango lakini watu wamo ndani. Kazi moja, dirisha moja, rangi moja. Ile folda ya flash akaniambia niifute kwa mkono wangu. Nikaifuta. Hakugusa klavye yangu hata mara moja. Alikuwa anaonyesha kwa kalamu, kwa mbali.

Adhuhuri niliinuka kwenda kuswali. Naye akainuka. Nikamwambia baki, Papa Olivier, endelea, mashine iko wazi. "Hapana, Dada, nitangojea inje."

Niliporudi nilimkuta kwenye ngazi, juani, mlango ameuvuta nyuma yake. Alikuwa amesimama na mfuko wa mihogo mkononi, bado hajaufungua.